Mpini Mwepesi wa Fimbo ya Gofu: Jaribio la Kiwiko Kimoja Unguja

Asubuhi moja ya msimu wa kusi, mgonjwa wangu wa siku nyingi aliingia kliniki akiwa ameshika kitu kirefu kilichofungwa kwa magazeti. Tuliamkiana, akaketi, akaanza kukifungua taratibu kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa unamsumbua. Kilikuwa mpini wa fimbo ya gofu, mweusi, unaong'aa, mwepesi kama ufito mkavu.

"Mwanangu kaniletea kutoka Maskati," alisema. "Anasema huu ndio dawa ya kiwiko changu. Nami nimekuja kukuuliza wewe daktari: niutie, nisiutie?"

Mzee huyu, aliyeniruhusu kusimulia habari zake bila ya kutaja jina lake, ana umri wa miaka 60 na kitu. Alifanya kazi Oman kwa muda mrefu, na huko ndiko alikojifunza gofu. Aliporudi nyumbani alidhani mchezo huo ameuacha ng'ambo ya bahari, mpaka alipoukuta uwanja wa mashimo 9 wa hoteli ya Sea Cliff, upande wa Mangapwani, kaskazini ya Mji Mkongwe. Tangu hapo huenda huko mara 2 kwa wiki na rafiki yake mmoja. Ana kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu.

Huenda msomaji akajiuliza gofu inahusu nini katika jarida la afya la watu wetu. Wanaoicheza Unguja ni wachache kweli, lakini mchezo wenyewe si mgeni hapa. Zama za ukoloni, viwanja vya Mnazi Mmoja, pale baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, vilikuwa na uwanja wa gofu wa Wazungu, na Mswahili aliyekanyaga majani yale aghalabu alikuwa amebeba mfuko wa fimbo za mwenzake. Jambo la pili ni kubwa zaidi. Maradhi yanayoitwa duniani kote "kiwiko cha gofu" ninayaona kila wiki kwa watu ambao hawajapata kuigusa fimbo ya gofu maishani mwao: mchonga milango anayegonga tindo kutwa nzima, mama anayekuna nazi za biashara, mwokaji anayekanda unga alfajiri, kijana anayefua nazi kwenye kifuo. Swali la yule mzee juu ya mpini wake ni swali lao wote: je, chombo chepesi huponya mkono?

Kiwiko, au kisukusuku kama wengine wanavyokiita, kina vifundo 2 vya mfupa, kimoja upande wa ndani na kingine upande wa nje. Misuli inayokunja vidole na kifundo cha mkono imeshikizwa kwa kano kwenye kile cha ndani. Ile inayovinyoosha imeshikizwa kwenye cha nje. Kano ni kamba ngumu, haina damu nyingi, na kwa hiyo hujijenga polepole. Ikivutwa kila siku kuliko inavyoweza kujikarabati, nyuzi zake huvurugika mpangilio wake na kuanza kuuma. Upande wa ndani ukiuma tunaita kiwiko cha gofu, upande wa nje kiwiko cha tenisi. Majina haya yasimhadae mhudumu wa afya, kwani mcheza gofu anaweza kupata hiki na kile. Mzee wangu, ambaye hupiga kwa mkono wa kulia, alikuwa na maumivu ya ndani ya kiwiko cha kulia. Birika la chai lilikuwa limemshinda kuinua, na mjukuu akimkimbilia alikuwa akimpokea kwa mkono mmoja.

Jibu jepesi lingekuwa kumwambia aache gofu. Nakiri kwamba miaka ya nyuma ningemwambia hivyo na kuendelea na mgonjwa anayefuata. Lakini mzee huyu akizunguka mashimo 9 kwa miguu anakuwa ametembea kilomita kadhaa, na sukari yake ilikuwa imetulia tangu alipoanza kwenda Mangapwani. Alipopumzika wiki 6 kwa ajili ya kiwiko, kipimo cha sukari cha miezi 3 kilipanda, uzito ukaongezeka, na usingizi ukapungua. Kumnyima gofu ilikuwa ni kumnyima dawa moja ili kumpa nyingine. Wala vidonge vya kutuliza maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo watu wetu hununua madukani kama peremende, havikumfaa. Kwa mwenye kisukari na shinikizo la damu, matumizi ya siku nyingi huhatarisha figo na kupandisha presha. Sindano ya steroidi alikuwa ameshaizungumzia na mtu mwingine. Hiyo hutuliza kwa wiki chache, lakini tafiti za kiwiko cha tenisi zimeonyesha kwamba baada ya miezi kadhaa waliochomwa huwa na hali mbaya kuliko wasiochomwa, na kwa mgonjwa wa kisukari hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Ndiyo sababu nililichukua suala la mpini kwa uzito.

Draiva ni fimbo ndefu kuliko zote mfukoni, ya kupigia mpira wa mwanzo katika mashimo marefu. Ina sehemu 3: kichwa, mpini, na mshikio wa mpira unaofunika ncha ya juu. Zamani mipini ilikuwa ya mti wa hikori. Mwaka 1929 wasimamizi wa mchezo huko St Andrews, Scotland, waliiruhusu ya chuma, na kuanzia miaka ya 1970 ikaingia ya nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Mpini wa chuma wa draiva una uzito wa gramu 110 hadi 120 au zaidi kidogo. Wa kaboni wa kawaida ni gramu 55 hadi 70. Ile inayoitwa myepesi iko kwenye gramu 40 na kitu, na ipo iliyo chini ya hapo. Mpini wa zamani wa mzee ulikuwa wa gramu 65. Aliotumiwa ulikuwa wa gramu 45.

Gramu 20 ni uzito wa vijiko vichache vya sukari. Hapo nikachukua karatasi. Kichwa cha draiva kina takriban gramu 200 na mshikio gramu 50, kwa hiyo fimbo nzima ilikuwa gramu 315 na sasa ingekuwa 295. Uzito mfu umepungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 6. Lakini mchezaji haibebi fimbo, anaizungusha, na katika kuzungusha kitu, uzito ulioko mbali na mkono ndio unaotawala. Kichwa kiko mwisho kabisa, zaidi ya mita moja kutoka kwenye vidole, nacho hakikupungua hata gramu. Nilipokokotoa ukinzani wa fimbo dhidi ya kuzungushwa, nikapata kwamba umeshuka kwa asilimia 3 tu. Kwa anayetoka kwenye chuma cha gramu 120 kuja kwenye kaboni ya gramu 50, upungufu hukaribia asilimia 9, na huyo ataiona tofauti. Mzee wangu alikuwa ameshatoka kwenye chuma zamani.

Kuna hesabu nyingine iliyonishangaza mwenyewe. Kichwa cha fimbo kinapofika kwenye mpira kwa mchezaji wa umri wake huwa kinakwenda kwa mwendo wa mita 35 kwa sekunde, sawa na kilomita 126 kwa saa. Kitu kinachozungushwa kwa kasi hiyo hutaka kuchopoka, na mikono ndiyo inayokizuia. Nikichukulia duara lenye nusukipenyo cha mita 1.7, kichwa na mpini wa gramu 65 kwa pamoja huivuta mikono kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 18 hivi, karibu na ndoo ya maji ya lita 20 isiyojaa sawasawa. Ukitia mpini wa gramu 45 na kuzungusha kwa kasi ileile, unashuka hadi kilo 17. Kilo moja imeokolewa, nayo si haba. Lakini mvuto huo huongezeka kwa kasi kujizidisha yenyewe. Mchezaji akifurahia wepesi wa fimbo na kuongeza kasi yake kwa asilimia 3, kilo ile yote imeshaliwa. Akiongeza kwa asilimia 5, kiwiko kinabeba mzigo mkubwa kuliko ilivyokuwa kwa mpini mzito.

Watengenezaji hunadi mipini myepesi kwa hoja hiyohiyo: zungusha kwa kasi zaidi, mpira uende mbali zaidi. Hawadanganyi. Ila anayeinunua kwa ajili ya kiwiko ananunua kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya yadi.

Basi nikamwambia mzee, "Tusibishane kwa hesabu. Tuujaribu."

Draiva za siku hizi zina kiungo cha skrubu kati ya kichwa na mpini, na mtoto wake alikuwa ameshakifungia kiungo hicho huko Maskati, kwa hiyo kubadilisha kulihitaji ufunguo mdogo na dakika moja. Nilisisitiza kichwa kiwe kilekile, urefu uleule, na mshikio wa unene uleule, kwani ukibadilisha mambo matatu kwa mpigo hutajua lipi lililofanya kazi. Nilizungusha plasta nyeupe ya hospitali kwenye mipini yote miwili ili maandishi na rangi visionekane. Sikudanganyika kwamba hataujua ulio mwepesi. Niliazimia tu kumpunguzia ushawishi wa macho. Siku ya kwanza alipiga mipira 10 kwa mpini mmoja, akapumzika, akapiga 10 kwa mwingine. Siku nyingine, baada ya mapumziko ya siku 3, tulianza na ule wa pili.

Hatukupima kwa umbali peke yake. Kabla ya kuanza, baada ya kumaliza, na asubuhi ya pili yake baada ya sala ya alfajiri, alitakiwa aandike maumivu yake kwa tarakimu kutoka 0 hadi 10. Tena tulipima nguvu ya kukamata isiyo na maumivu. Wenzangu wa vituo vya afya visivyo na kifaa maalumu wanaweza kuiga njia hii: kunja mfuko wa hewa wa mashine ya presha, ujaze hadi milimita 20 za zebaki, kisha mgonjwa aubane taratibu, kiwiko kikiwa kimenyooka, mpaka pale maumivu yanapoanza tu. Soma namba ilipofika. Rudia mara 3 uchukue wastani, na ufanye vivyo hivyo kwa mkono mzima ili upate cha kulinganisha. Namba hiyo husema kweli kuliko kauli ya "nimepata nafuu kidogo".

Siku ya kwanza mpini mwepesi ulimfurahisha mno. Mpira mmoja ulikwenda mbali hata akageuka kunitazama kama mtoto wa skuli aliyefaulu. Mingine ilitawanyika, mmoja ukaishia vichakani, kwa sababu mkono uliozoea uzito fulani hufika mapema ukipunguziwa. Maumivu baada ya kumaliza yalikuwa 3, sawa na kabla ya kuanza. Kama tungeishia hapo tungesema mpini umefaulu. Asubuhi ya pili yake alinipigia simu: yalikuwa 6, na birika halinyanyuki. Sikuweza kuulaumu mpini mmoja peke yake, maana siku hiyo aliitumia yote miwili, lakini nilikuwa nimemwangalia. Kwa mpini mzito alizungusha kwa utaratibu wake wa siku zote. Kwa mwepesi alikuwa akiupiga mpira kama anayefukuza mbwa.

Nikaona tumekosea, tukabadilisha utaratibu: mpini mmoja kwa siku, mipira 10 tu, na sharti la kuhesabu kimoyomoyo, "moja" fimbo inapopanda, "mbili" inaposhuka, bila kuharakisha mbili. Jambo jingine nililoliona pale uwanjani sikulitarajia. Joto la pwani yetu na unyevu wake humfanya mtu atoke jasho viganjani, mshikio unateleza, naye hukamata kwa nguvu zaidi ili usimponyoke. Misuli inayokamata ndiyo hiyo iliyoshikizwa kwenye kano inayouma. Mshikio wake ulikuwa umechakaa na kulainika kama sabuni. Tuliuweka mpya kwenye mipini yote miwili, mnene kidogo kuliko wa kwanza, na akaanza kutembea na kitaulo kikavu.

Kwa majuma manne yaliyofuata, daftari lake lilionyesha hivi: kwa kasi ya utulivu, asubuhi zilizofuata mpini mwepesi zilikuwa na maumivu ya 2 au 3, na zilizofuata mpini mzito 3 au 4. Umbali wa mipira haukutofautiana kwa kiasi cha kuandikwa. Tofauti ipo, ni ndogo, na inaelekea kule hesabu ilikoelekea. Mtu mmoja si utafiti, na kiwiko kilichokuwa kikipata nafuu kwa sababu nyingine hakiwezi kutoa ushahidi safi. Naandika nilichokiona.

Na hizo sababu nyingine ndizo zenye uzito. Tangu siku ya kwanza mzee alikuwa akifanya zoezi ambalo mhudumu yeyote anaweza kulifundisha. Mgonjwa huketi, huweka mkono wake mezani kiganja kikitazama juu, kifundo kikiwa kimetokeza nje ya ukingo, na hushika chupa ya maji ya nusu lita. Kwa msaada wa mkono wa pili hukikunja kifundo kuja juu, kisha mkono unaouma hukishusha peke yake, polepole, kwa kuhesabu hadi 4. Mara 10 hadi 15, mizunguko 3, siku moja baina ya siku. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika, mradi yawe yametulia kufikia asubuhi. Uzito huongezwa kidogo kidogo. Watu wengi huacha baada ya wiki 2 wakisema halisaidii; kano huhitaji wiki 12, na kwa mwenye kisukari pengine zaidi, kwani sukari nyingi hudhoofisha nyuzi zake na kuchelewesha kupona.

Yule mama wa nazi niliyemtaja hana mpini wa kaboni wa kutumiwa kutoka Maskati. Lakini kanuni ni zilezile, na kwake zinafanya kazi vizuri zaidi kwa sababu ana mengi ya kubadilisha. Nazi 40 alizokuwa akizikuna kwa mkao mmoja azigawe kwa mafungu yenye mapumziko. Mbuzi yake inolewe, kwani meno butu humlazimisha kusukuma. Mchonga milango afunge kitambaa au mpira kwenye mpini mwembamba wa tindo ili vidole visikunjwe mno, na anoe mara kwa mara. Kwa hawa, kunoa ndiko kwenye nafuu kubwa kuliko kupunguza uzito. Nyundo nyepesi mno humfanya fundi agonge mara mbili pale alipokuwa akigonga mara moja.

Kwa wahudumu wenzangu, si kila maumivu ya kiwiko ni ya kano. Ganzi ya kidole kidogo na cha pete huashiria mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kifundo cha ndani. Kiwiko kilichovimba, chenye joto, pamoja na homa, hakingoji zoezi. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mlio wa ghafla uliofuatiwa na udhaifu huenda ukawa ni kano iliyokatika. Na mtu wa makamo, hasa mwenye kisukari, anayesema mkono wa kushoto humuuma anapopanda ngazi au kutembea kwa haraka na hutulia akisimama, msimpime kiwiko kabla hamjaufikiria moyo wake.

Mzee alirudi kliniki mwishoni mwa wiki ya 12. Nguvu yake ya kukamata kwenye mfuko wa presha ilikuwa imekaribia ya mkono wa kushoto. Sukari imeanza kushuka tena. Maumivu hayajaisha kabisa. Akizidisha mipira 30 huyasikia kesho yake, na ameshajua mpaka wake. Nilimuuliza ameamua kutumia mpini upi.

"Huu mwepesi," alisema. "Lakini plasta yako sijaitoa. Nikiuona unang'aa nitataka tena kupiga mbali."

Ule wa gramu 65 amempa kijana anayembebea fimbo, mwenye umri wa miaka 24 na viwiko visivyouma. Nimemwomba amlete kijana huyo siku moja, nimfundishe lile zoezi la chupa ya maji mapema.